Amin Zetu Hazikuwa Kura

Risala ya wakazi wa Kibokoni, Mombasa, mwaka 1947

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya,

KARIBU
Sisi wakazi wa Kibokoni twakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Risala hii tumeiandika mara nne, na kila mara tuliondoa neno moja kali.

TULIKOTOKA
Mtu wa kutusemea katika Baraza la Kutunga Sheria, huko Nairobi, hatumchagui wenyewe. Mtaa hutoa wazee watano, wazee hutoa majina matatu, na Gavana huteua moja. Mwaka jana, baada ya sala ya Ijumaa, Bwana Abdulhalim, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alisema, "Al-Fatiha." Tukainua mikono. Mzee Muhdhar alikuwa mahututi siku hizo, nasi tukadhani aombewa shifaa. Tukaitikia amin kwa sauti kubwa. Jumatatu tukaarifiwa kuwa tumekwisha kuwaidhinisha wazee watano, na kwetu jambo likishasomewa Fatiha halipingwi. Jirani yetu Bi Mwanakuu alitucheka: "Nyinyi wanaume, mwaitikia jambo musilolijua?" Aibu hiyo tunayo hadi leo. Mzee Muhdhar, alhamdulillahi, alipona.

TULIYOFANYA
Tumeandika watu wazima wa mtaa, nyumba kwa nyumba, ili siku moja wapige kura wenyewe. Wengi walidhani ni kodi, na wengine wakatoa majina ya baba zao waliokwisha kufa. Hao tumewafuta. Bi Mwanakuu naye alidai aandikwe. Tumemwandika kwa penseli.

TAABU YETU
Mjumbe aliyeteuliwa twasikia ni mtu mwema. Lakini hajafika Kibokoni, na akipita hapa sasa hivi hatutamjua. Mwezi huu muda wake waisha, na wazee wale wale watatoa majina tena. Wawili wao wameketi mbele yetu, na miongoni mwetu wamo wakwe zao na wapangaji wao. Tunaogopa, Bwana, wala hatufichi.

MAOMBI
Twaomba kila mtu mzima apige kura yake, kwa mtu anayemjua. Ikishindikana safari hii, basi wale watano watajwe mbele ya watu, jina moja moja, na asiyeridhika apewe nafasi aseme. Zaidi ya yote, tuambie leo, kabla hujanywa kahawa, kama majina hayajapelekwa. Kuna wanaosema yaliondoka na gari la moshi la jana.

Waliotia saini risala hii walikuwa arubaini. Asubuhi ya leo tisa wamekuja kuomba wafutwe. Tuliobaki twaangaliana tu. Basi jibu lako likiwa zito, twakusihi utujibu sote hapa hapa, usituite ofisini mmoja mmoja.

Mungu akupe afya, akufikishe kwako salama, nasi atufikishe kwetu.

Ni sisi, wakazi wa Kibokoni, thelathini na mmoja.

Imesomwa na Kamaludin bin Zein, katibu.