Maziwa ya Keza

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Itikieni kwa nguvu, maana leo naogopa. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlinipigia makofi, mkaniita nabii. Leo sijui mtaniitaje nikimaliza.

Wengi mnanijua. Mimi ni Domitila, nimekulia Karagwe, Tanzania, nikarudi huku nchini kwetu nikiwa msichana. Nakaa hapa mjini, Kagugu, kazi yangu ususi. Mume wangu anaendesha lori la Dar es Salaam, nyumbani anapita tu kama mgeni. Mtoto tunaye mmoja, Keza, yule pale mapajani kwa dada yangu Konsolata.

Ndugu zangu, ilianza kidogo kidogo. Nasuka, nasikia mtu ananiita jina. Nageuka, hakuna mtu. Wateja wakicheka, naona wananicheka mimi. Redio ikisema, nahisi inanisema mimi. Siku moja nilimsuka mama wa watu upande mmoja, mikono ikagoma, nikasahau mstari wa pili unaanzia wapi. Aliondoka na kitambaa kichwani, analia kwa hasira. Sikurudi saluni tena.

Nilipowaeleza hapa kanisani kwamba naitwa, jamani, mlifurahi! Mkasema ni kipawa. Mkaniwekea mfungo, mkanipa chumba cha maombi, nami nikaona fahari, niseme uongo wa nini? Kumbe nyumbani kumeoza. Sikuoga. Sikupika. Vyombo viliota ukungu. Keza alibaki shuleni mpaka jirani amkumbuke. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majirani wote wako nje na majembe, wanachimba mtaro, mimi nimejifungia nachungulia dirishani, nikiamini wananichimbia kaburi. Nusu yangu ilijua si kweli, ndugu zangu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inalia.

Konsolata ana ng'ombe mmoja huko kwake Gahanga, na kila akija mjini alimletea Keza maziwa. Ile sauti ikaniambia yana sumu. Nikayamwaga. Akaleta tena, nikamwaga tena, mbele ya mtoto, nikimwambia, "Usiguse, utakufa!" Akiomba chakula nampa maji. Mchana mmoja Konsolata aliingia akamkuta mwanangu chini ya meza anatafuna unga mkavu, midomo imepauka, hata kulia halii tena. Na mimi niko pembeni nimepiga magoti, nanena kwa lugha.

Dada hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alikaa chini akaniuliza, "Domi, huyo anayekuita, mbona hakwambii ukaoge? Mbona hakwambii umlishe mtoto?"



Akasema, "Basi twende hospitali. Ukikataa, namchukua Keza, na mimi simrudishi kwa mtu wa hivi." Wengine wenu mlimwambia anamzima Roho. Hakubishana nanyi. Alinifunga kitenge, akanishika mkono kama kipofu, tukaenda.

Daktari, mama mtu mzima, hakuniuliza habari za mapepo. Aliuliza: unalala? Nyumbani nani anapika? Nani anamwogesha mtoto? Kwa nini uliacha kazi? Kila swali lilinivua nguo. Akasema ugonjwa wenyewe wa akili bado haujaingia, uko mlangoni, na wako watu ambao hauwaingii kabisa wakisaidiwa mapema. Akanikataza kufunga. Akataka nilale, nile, na nirudi kwake tuzungumze, tena na tena.

Msidhani nilitoka pale nikirukaruka! Tulihamia Gahanga, mimi na Keza, nikalala kama gunia. Konsolata akanipa kazi moja tu, kuchemsha maziwa. Mnayajua maziwa, ukigeuza shingo yamefurika. Yakafurika, moto ukazima. Kesho yake vilevile. Nikalia nikasema mimi nimekwisha. Dada akasema, "Simama hapo, angalia sufuria." Basi nikawa nasimama. Naitwa jina, sigeuki. Naitwa tena, naangalia sufuria.

Siku yalipochemka bila kumwagika, niliyapoza, nikampa Keza kikombe. Alikishika, akanirudishia. "Mama, onja wewe kwanza."

Ee Mungu wangu! Ile sumu ya kichwani mwangu nilikuwa nimeshaitia kichwani mwake. Nikaonja. Alinitazama koo mpaka nikameza, ndipo naye akanywa.

Ndugu zangu, sijapona kwa namna mnayoipenda. Bado mara mojamoja naitwa. Lakini naoga, napika, nimeanza kusuka tena, na mwanangu ninaye. Namshukuru Mungu aliyenitoa pale kwa mkono wa dada yangu na wa yule daktari. Mtumainini, hata mimi namtumaini. Ila nawaomba jambo moja: akisimama mtu hapa akasema anaitwa, msipige makofi kwanza. Muulizeni kama amelala, kama amekula, na mtoto wake yuko na nani.

Keza mpaka leo hanywi kabla sijaonja. Kila asubuhi naonja.