Bi Mwanvua Shekiondo, Aliyerudi Issenye

Na Lusekelo Ambokile, Kitengo cha Mipango ya Nguvukazi na Viwango vya Ujuzi

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi Mwanvua Shekiondo anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi wa umma, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa hapa kwetu, Tarime na Serengeti. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu inapakana na yake, na kwa sababu wengine wote walioombwa walisema wana safari.

Alizaliwa Lushoto, akaanza kazi Tanga kama mwalimu wa ushonaji, kisha akahamishiwa Mara mwaka 2002. Siku yake ya kwanza mjini Tarime aliwasikia wanaume wawili nje ya dirisha, akaamini wanakaribia kupigana, akaomba polisi waitwe. Walikuwa wanasalimiana. Haukupita mwaka naye akawa anasalimia vivyo hivyo, hata ndugu zake wa Lushoto wakimpigia simu wakawa wanamuuliza nani kamuudhi.

Kwa wasomaji wa idara nyingine wanaodhani kitengo chetu kinakunywa chai tu, kazi yetu ni hii. Tunakisia wilaya hizi mbili zitahitaji mafundi na watumishi wa aina gani miaka ijayo, ili vijana wasomee kazi zitakazokuwepo. Pia tunasimamia viwango: fundi akisema anaweza, tunahakikisha kweli anaweza. Bi Mwanvua hakupima kwa macho. Benchi la seremala alilikalia mwenyewe. Ndivyo alivyofika chini pale Sirari, mbele ya umati, benchi limegawanyika, naye akajaza matokeo akiwa bado ameketi sakafuni: hajafikia kiwango. Seremala huyo alirudi mwaka uliofuata, na benchi lake jipya ndilo mnalokalia pale mapokezi.

Kule Matongo walikuwepo wachomeleaji na mafundi magari waliojifunzia kazi uani na gereji, hodari kabisa, lakini kila wakiomba ajira wanarudishwa getini kwa kukosa cheti. Waliogopa kuja mjini kupimwa. Basi yeye akawafuata, nyuma ya bodaboda, kamkumbatia dereva kwa mkono mmoja na kwa mwingine kashika barakoa ya kuchomelea. Wengi wao leo wana vyeti na wana kazi.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa sifa ya kutosha. Lakini kilichonifanya nimheshimu mama huyu ni kosa lake.

Mwaka 2018 makisio yetu, yaliyoandaliwa na yeye, yalionyesha kwamba kambi za watalii na hoteli zinazozunguka hifadhi zitahitaji wapishi wengi. Alikwenda Issenye, akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akawaambia wazazi wapeleke vijana wasomee upishi wa hoteli. Walimwamini. Familia saba zilipeleka watoto. Mama mmoja mjane, Modesta, aliuza ng'ombe wake wa kulimia ili binti yake Rhobi apate ada.

Vijana walihitimu, na korona ikaingia. Wageni hawakuja, majiko ya kambi yakazimwa, na vijana wakarudi nyumbani na vyeti vyao. Modesta akalima kwa jembe la mkono msimu ule. Baba mdogo wa Rhobi akaanza kusema wazi kwamba kuna njia rahisi ya kurudisha ng'ombe: binti aolewe, mahari ije. Rhobi hakutaka kuolewa. Alitaka kupika.

Hakuna aliyemlaumu Bi Mwanvua. Mkubwa wetu wa wakati ule alimshauri aandike taarifa kwamba janga limeathiri makisio, basi. Taarifa aliiandika. Kisha akaenda Issenye, nami nikamsindikiza. Alisimama palepale aliposimama mara ya kwanza.

"Makisio yalikuwa yangu," alisema. "Niliwaambia kazi ziko, na kazi hazipo. Nimekosea."

Modesta akasimama. Hakupandisha sauti, jambo ambalo kwa kule linatisha kuliko kelele.

"Wewe mama, ulituelekeza malisho. Tumefika, nyasi hakuna. Sasa unatupa pole halafu unapanda gari? Hapana. Tembea na sisi mpaka zipatikane."

Bi Mwanvua alijibu neno moja tu: "Nitatembea."

Alizunguka shule za bweni na vituo vya afya kutoka Mugumu hadi Tarime akiwaombea nafasi. Kila mahali jibu lilikuwa lile lile: hawa wamesomea kupikia wageni ishirini, sisi tuna watoto mia sita na sufuria zinazohitaji watu wawili kuzinyanyua. Cheti chao si cha kazi yetu. Akaketi na viwango vyote viwili, cha mpishi wa hoteli na cha mpishi wa taasisi, akaviweka ubavu kwa ubavu. Usafi ni ule ule, utunzaji wa chakula ni ule ule, tahadhari za moto ni zile zile. Kilichopungua ni kupikia watu wengi, na hilo lingefundishika kwa wiki chache. Aliomba Dodoma waidhinishe mafunzo hayo ya nyongeza. Wakakataa, kundi ni dogo mno. Akaomba tena.

Majibu yalichelewa, na huko Issenye baba mdogo alikuwa ameshaleta mchumba. Ofisi haina mamlaka juu ya ndoa ya mtu. Bi Mwanvua alichoweza ni kwenda kumwomba Modesta avumilie, na alirudi akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu alijua anamwomba mkulima alime kwa mkono msimu mwingine. Modesta alivumilia. Alimwambia shemeji yake mbele ya watu: "Niliyeuza ng'ombe ni mimi. Mtoto sikumuuza."

Kibali kilitoka mwaka 2022. Rhobi sasa ni mpishi mkuu wa shule ya bweni upande wa Manchira, na hajaolewa kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, bado anachagua. Watatu waliingia kwenye majiko ya vituo vya afya na shule. Wawili walirudi kambini wageni walipoanza kuja tena. Wa saba, Joel, alikata tamaa mapema, anaendesha bodaboda, na hadi wiki iliyopita Bi Mwanvua alikuwa akimpigia simu kumwambia mlango haujafungwa. Hilo limebaki linamuuma, nami siwezi kuandika kwamba limekwisha wakati halijakwisha.

Mwezi uliopita tulikwenda Issenye kwa mara yake ya mwisho kikazi, kuwasomea makisio mapya. Yanataja mafundi wa umeme wa jua na pampu za maji. Alipomaliza, wengi walianza kuinuka waondoke, na mimi sikuwalaumu. Nani angeuliza tena? Aliyesimama ni Modesta.

"Ninaye mwingine, Gati, kamaliza kidato cha nne. Nimpeleke wapi?"

Bi Mwanvua alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema makisio yanaelekeza kwenye pampu, lakini ni makisio tu, yanaweza kukosea tena, na yeye mwenyewe anastaafu.

"Najua yanakosea," Modesta akamjibu. "Ndiyo maana sikuuliza makisio. Nimekuuliza wewe."

Bi Mwanvua, asante kwa miaka yako. Sisi tunaobaki tunakuombea afya, mavuno mema huko Lushoto na uzee wenye utulivu. Nasi Mungu atujalie siku moja kuulizwa swali lile la Modesta, kwa imani ile ile.