Tuacheni Tuingie Wawili

Mgeni rasmi, Daktari Wamucii, mkurugenzi wa shirika linalodhamini kituo chetu. Mama Amolo, mshauri wetu. Wazazi, wanachama, na majirani mlioamua leo kuingia ndani badala ya kuchungulia dirishani, hamjambo.

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Kikundi cha Tuingie Pamoja, Kimumu, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tunajua umepanga kukaa nasi saa moja tu. Tunajua pia kwamba nakala ya barua uliyotuandikia juma lililopita imo kwenye faili lililo mbele yako. Tutaifikia. Kwanza tunaomba utusikilize, maana barua hiyo iliamua mambo yetu kabla ya kutuuliza sisi ni akina nani.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka mitatu iliyopita tukiwa jozi sita: wanaume waliokuwa wakijidunga unga, yaani heroini, au waliokwisha kuacha na bado wanapigana na hamu yake, pamoja na wake zao. Kabla ya hapo kila mtu alipimwa HIV kivyake. Mume alikwenda Jumanne, akapewa majibu, akayaficha. Mke alikwenda kliniki ya wajawazito Alhamisi, akarudi na yake. Walikula meza moja na kulala kitanda kimoja, na hakuna aliyejua mwenzake amebeba nini. Mama Amolo ndiye aliyeomba chumba hiki kila Jumamosi, akaweka sharti moja: mnaingia wawili, mnasikia wawili, mnatoka na mpango wa wawili.

Daktari, badala ya kukusomea ripoti nzima, tumechagua kukusimulia habari za nyumba moja. Wenyewe wameketi safu ya pili, na wamekubali majina yao yatajwe.

OKEYO NA JEPCHUMBA

Okeyo ni fundi wa umeme. Alianza sindano baada ya kuanguka kutoka kwenye paa, mgongo ukamuuma miezi na miezi. Walikuwa watatu nyuma ya karakana, wakidungana kwa sindano moja. Mkewe, Jepchumba, ni mwalimu wa chekechea. Habari ya unga aliijua, kwa sababu unga haufichiki ndani ya nyumba. Asilolijua ni kwamba mwezi wa Machi mumewe alipimwa mjini, akapatikana na virusi. Okeyo alipewa ARV, akazitia kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya nyaya. Alizimeza akiwa peke yake. Jepchumba akiwa karibu, aliziruka.

Juni mwenzetu mmoja alimleta hapa. Jumamosi nne alikuja bila mkewe. Leo mwalimu ana kikao. Leo kichwa kinamuuma. Jumamosi ya nne Mama Amolo alimvuta pembeni.

"Okeyo, huyo mama ana mimba ya miezi mitano. Mimi siwezi kumwambia bila wewe. Na wewe huwezi kuendelea kungoja."

Jumamosi iliyofuata alikuja naye. Jepchumba alidhani wanapimwa kwa ajili ya mtoto tu. Walitolewa damu, wakakaa magoti yakigusana, wakingoja. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali, lakini shati la Okeyo lilikuwa limelowa mgongoni. Mama Amolo alipofungua mdomo, yeye akamkatiza.

"Mama, ngoja. Hiyo yangu wacha niseme mwenyewe." Akamgeukia mkewe. "Niko nayo. Tangu Machi."

"Machi?" Jepchumba aliuliza polepole. "Machi si ndio tulikuwa tunachagua jina la mtoto?"

"Ndio."

Hakupiga kelele. Alimwomba Mama Amolo amsomee majibu yake. Hakuwa na virusi, lakini aliambiwa lazima arudie baada ya majuma manne, kwani maambukizi mapya huweza kupita kipimo cha kwanza bila kuonekana. Siku hiyohiyo alianza vidonge vya kinga. Jioni alikuwa kwa wazazi wake, kijijini Ziwa.

Okeyo alirudi kwenye sindano siku tatu. Siku ya nne wawili kati yetu walimtoa huko nyuma ya karakana, wakamwogesha, wakamlisha. Alipopata nguvu alikwenda Ziwa. Kimeli, kaka yake Jepchumba, alimkuta langoni.

"Shemeji, rudi town. Akikutaka atakuja mwenyewe."

"Sijakuja kumchukua. Nimeleta kadi yake ya kliniki, aliiacha. Tarehe ya kupimwa tena iko hapo. Mwambie tu asikose."

Kimeli alichukua kadi, akafunga lango.

Majuma hayo Okeyo hakuwa akilala. Alituambia kwamba kila akifumba macho aliwaona wawili, mama na mtoto, na akajua kwamba wakiwa wameambukizwa, mkono uliowafikishia virusi ni wake. Siku yenyewe alifika kituoni kabla ya mlango kufunguliwa. Jepchumba alikuja peke yake, akampita kwenye benchi bila salamu. Alipofika mlangoni akasimama.

"Si wanasema wawili? Ingia."

Hakuwa na virusi. Okeyo alilia, Jepchumba hakulia. Alitoa masharti.

"Asubuhi kabla ya chai, unameza yako nikiona, nami nameza yangu ukiona. Na ukisikia hamu, unaniambia kabla. Si baada."

Agosti mchana mmoja simu ya Jepchumba ililia darasani.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya karakana."

"Umenunua?"

"Iko kwa mkono."

"Umetumia?"

"Bado."

"Anza kutembea. Usinielezee kitu, tembea tu."

Watoto walikuwa wakiimba herufi nyuma yake. Alisikia pumzi za mumewe, halafu pikipiki, akajua amefika barabarani. "Nimeimwaga kwa mtaro," Okeyo alisema. "Endelea kutembea," akajibiwa. Alitembea hadi lango la shule, akamkuta mkewe amesimama pale, chaki mikononi, simu ingali sikioni.

Mtoto wao alizaliwa Oktoba. Mama yake hana virusi hadi leo, na virusi vya Okeyo vimeshuka hata havionekani kwenye kipimo. Tulipowasomea rasimu ya risala hii nyumbani kwao, Jepchumba alitusimamisha. "Futeni hapo mlipoandika nilimsamehe," alisema. "Huko sijafika. Andikeni nilirudi." Tumefuta.

MAFANIKIO

Leo tumekuwa jozi ishirini na saba. Katika jozi kumi na tisa mmoja ana virusi na mwenzake hana, na tangu tuanze hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Hatutaki kukupaka mafuta: jozi mbili zimeachana. Lakini waliachana wakiujua ukweli, na dawa hawakuacha.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni barua. Inasema kuanzia mwisho wa mwezi huu Jumamosi ya jozi itasitishwa, wanaume wahudumiwe mjini na wanawake kliniki ya wajawazito, "kila mmoja kwa wakati wake". Dawa hazitapungua, inasema. Tunashukuru. Lakini Okeyo dawa alikuwa nazo tangu Machi, ndani ya sanduku. Alichokosa ni chumba na mtu wa tatu wa kukaa naye wakati wa kufungua kinywa.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Tuachie Jumamosi.

Tunaliomba jibu leo, na tunaomba radhi kwa kukubana mbele za watu. Sababu yetu ni hii. Humu ndani kuna wanaume wanne ambao wake zao hawajui. Wamekubaliana na Mama Amolo kuwaleta Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Hatutawataja, wala tafadhali msigeuze shingo kuwatafuta. Mmoja wao alirudi nyumbani jana akamwambia mkewe, "Jumamosi ile usipange kitu, kuna mahali nataka twende." Mkewe akamuuliza avae nini.

Daktari, mwanamke huyo ameshaosha nguo yake. Mwanamume huyo amezunguka na siri yake miaka miwili, na akikuta mlango huu umefungwa siku ile, hatujui ataupata wapi tena ujasiri alioupata jana.

Mungu akulinde njiani, aiongoze kalamu yako, na akae na wanne hawa mpaka siku yao ifike.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Tuingie Pamoja, Kimumu, Eldoret.
Imesomwa kwa niaba yao na Nekoye, katibu.