Obedi na Masikio Mawili ya Fisi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Obedi Chidawali, mpiga picha wa fisi. Ndiyo, wa fisi. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, mtani wangu kabisa. Kwa hiyo msinitumie ujumbe kwamba nacheka msibani. Nina kibali.

Obedi alikuwa na studio ya picha mjini, pale Makole. Alipiga picha za pasipoti miaka mingi, na sheria yake ilikuwa moja: masikio yote mawili yaonekane. Hata mheshimiwa alivuliwa kofia. Uzee ulipomrudisha kijijini kwao Mlali, akaanza kupiga picha za wanyama, na sheria yake akahama nayo. Alikuwa akilala kifudifudi kichakani kutwa nzima, akingoja fisi ageuke vizuri. Mkewe, Bi Loisi, anasema, "Picha yetu ya harusi aliishusha ukutani. Naamka asubuhi, fisi ananitazama sebuleni."

Basi fisi huyo, mama mwenye watoto, akawa anakula mbuzi wa watu. Wa Sila, jirani yao, waliisha kuliko wa wote. Kikao kikaitwa, wakakubaliana nyama itiwe sumu. Obedi akaja na fremu kwapani: fisi yule yule ananyonyesha, masikio mawili. Hakuhutubia. Aliomba tu kila mtu amtazame usoni kabla ya kumuua.

Picha ikazunguka. Ilipomfikia Sila, mwenye hasira kuliko wote, akaikazia macho, kisha neno likamtoka: "Mbona kama mama mkwe wangu."

Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Lakini wasikilizaji wapendwa, neno hilo huku kwetu si dogo. Mkwe unampisha njia. Mkwe hata chakula huli mbele yake, sembuse kumtilia sumu. Sila alijaribu kulifuta neno lake, wapi. Wazee wakamwambia akaongeze miiba kwenye zizi. Akaongeza, na wenzake wakaongeza. Sumu haikutiwa. Mpaka leo fisi yule anaitwa Mkwe, na yu hai.

Obedi ndiye hayupo. Moyo ulimsimama juma lililopita. Ikatafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Ile ya harusi hakuna aliyemtambua, alikuwa na nywele. Ikapatikana moja tu, iliyopigwa na kamera aliyoitega mtini: Obedi anachungulia, pua kubwa, sikio moja. Nilicheka, wasikilizaji, halafu nikalia.

Sila ndiye aliyeibeba hadi kaburini. Aliitazama, akasema, "Sikio moja. Hii mwenyewe asingeipokea."

Bi Loisi na ukoo wote wa Chidawali, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla ya kushika sumu au mkuki, tumtazame mnyama usoni kwanza, kama alivyotuomba Obedi.

Picha ya sikio moja sasa imetundikwa sebuleni, ubavuni mwa fisi. Nilimuuliza Bi Loisi kama sasa atamshusha huyo fisi ukutani. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina adabu.

"Mkwe hatolewi nje," akasema.