Mama Siku Mbaya Anaaga Chumba cha Madai

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuamua nani apewe posho ya ulemavu na nani asipewe, mwenzetu wa meza ya dirishani anastaafu. Anaondoka na nyonga mbovu, na rufaa yake mwenyewe bado haijaamuliwa. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa chumba hiki kimetuchosha sote.

Alianza kama karani wa mapokezi, msichana mwenye miguu myepesi aliyepanda ngazi mbilimbili huku amekumbatia mafaili. Akawa mchunguzi, halafu mwamuzi. Jina la Mama Siku Mbaya tulimbandika sisi, naye akalipokea kwa kicheko.

Mtu mgeni kazini hudhani madai huamuliwa kwa jina la ugonjwa. Wapi! Ugonjwa ni mwanzo tu. Tunachopima ni yale yanayomshinda mtu: kuvaa, kupika, kushika kikombe, kutembea hadi kituoni, na kama akiweza leo, kesho ataweza tena? Sasa mwite mtu kwenye mahojiano. Ataoga, atapiga pasi, atavaa nguo ya harusini. Ukimuuliza hali, atakujibu nzuri, namshukuru Mungu. Ndivyo alivyolelewa, na nani ataanza kumlilia mtu asiyemjua? Mchunguzi mwenye haraka huandika kwamba mwombaji hana shida, na dai linafia hapo.

Mama Siku Mbaya hakuwa na haraka. Alimaliza salamu zote, akauliza na habari za watoto, ndipo akamwomba mtu aweke adabu pembeni amsimulie siku iliyokuwa mbaya kuliko zote wiki ile. Alikuja fundi uashi mmoja aliyeanguka kazini, amekataliwa mara mbili. Akasema hajambo, mgongo unamsumbua kidogo tu. Alipoulizwa siku mbaya akamgeukia mkewe aliyemsindikiza, naye akajibu badala yake kwamba kuna siku huvalishwa suruali na binti yao, na siku hiyo hamtazami mtu usoni. Mzee wa watu alilia pale pale. Posho akapata. Foleni ya Mama ilikuwa ndefu kuliko zetu zote, na mkuu wa idara alimnunia mpaka akachoka kununa. Chai yake ilipoa kila siku, na kila siku alimlaumu mhudumu wa chai.

Nisiwafiche. Mwaka jana aliomba posho hiyo hiyo, kwenye tawi jingine kama kanuni inavyotaka. Akaenda peke yake, amependeza. Akaulizwa hali, akajibu nzuri tu mwanangu, najikongoja. Akakataliwa. Yeye! Mganga hajigangi, lakini hii ilipita kiasi. Nilimcheka, kisha nikaenda chooni kufuta machozi. Alijitetea kwamba mchunguzi alikuwa binti mpole, umri wa kitindamimba wake. Angeanzaje kumwambia kwamba asubuhi mumewe humwinua kitandani kama gunia?

Rufaa inasikilizwa Jumanne. Wakikataa tena, yule mumewe, ambaye naye mgongo wake si wa kutegemewa, ataendelea kumwinua peke yake, maana hawana uwezo wa kumlipa msaidizi. Kwa hiyo mume anakuja. Mimi nakuja, kwa kuwa ndimi ninayemshika mkono ngazini tangu lifti iharibike. Mhudumu wa chai naye ameomba ruhusa, na zile lawama za chai iliyopoa amezisamehe.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kumsubiri mtu. Upumzike kweli, upate wajukuu wenye kelele za kiasi, na uzee wako uwe mwepesi kuliko kazi yako. Na hiyo Jumanne usijisumbue. Wewe wasalimie tu, ukae. Siku zako mbaya tutazisema sisi.