Dada Aliyefuga Wadudu wa Kula Rangi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, mtia rangi katika kiwanda cha nguo, na familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Ndoo.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba iliyopakana na mtaro wa kiwanda hicho, ambao leo ulipita mwekundu, kesho wa buluu, naye alikaa ukingoni akiutazama mpaka mama amwite mara tatu. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akahitimu shahada ya elimu ya vijidudu mwaka 1985, akaajiriwa maabara ya majitaka, na tarehe 9 Agosti 1988 akaolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Miaka mingi alifuga bakteria, kila aina na chupa yake ya maji ya mtaro, akiwabembeleza waile rangi, wakagoma. Mwaka 2004 nilikwenda kumsaidia kuosha vyombo, nikamimina chupa zote kwenye ndoo moja, nikaifunika, nikajiendea zangu. Alininunia wiki nzima, kisha akafunua ndoo akakuta maji maangavu, kumbe wakiwa pamoja wengine walivunja rangi na wengine wakala mabaki, akaja kunikumbatia huku bado amenuna.

Tangu hapo alitaka jambo moja tu, auone mtaro ule ukipita bila rangi kabla hajafa. Kiwanda kilikubali mwaka jana kumjengea tangi la wadudu hao, maji yapitie humo kabla ya kuingia mtaroni, saratani ya ini ikiwa imeshamlaza, likajazwa tarehe 20 Februari mwaka huu. Jumapili iliyopita, tarehe 5 Machi, nilimpelekea chupa hospitalini nikamwambia maji ya tangi yametakata. Nakiri mbele yenu, yalikuwa ya bomba. Aliiinua dirishani, akainusa, akacheka kidogo, akanisihi nisiwaharakishe wadudu wake, akafumba macho. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia harufu ya ndoo zile, na wafanyakazi wenzake mnaopokezana kulichunga tangi. Jana Ijumaa ninyi wa tangi mlinipigia simu, nikaenda mwenyewe mtaroni, nikaona kokoto za chini, za kijivu, moja moja, nikachuchumaa nikalia.

Dada, safari hii sisemi uongo. Pumzika.