Bi Azza na Heli Iliyobanwa

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Leo namkumbuka Bi Azza binti Hashil wa Ibra, mwalimu wa skuli aliyestaafu. Alifariki Jumatano iliyopita, ana miaka sabini na mmoja. Lakini nitawahadithia furaha, maana siku zake nne za mwisho zilikuwa za furaha.

Bi Azza alijifunza mwenyewe hesabu za nyota. Alizipenda nyota ziitwazo vibete vyeupe. Zimekwisha moto wao, sasa zinapoa taratibu. Nyengine zimefunikwa na gesi ya heli, imebanwa kupita kiasi. Kwa miaka kumi na mmoja swali lake lilikuwa moja: heli hiyo inaziba mwanga kiasi gani? Ikiziba sana, joto linachelewa kutoka, na nyota ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani.

Nilimwambia sielewi. Akanipeleka ngome ya Nizwa, kwenye chumba cha tende. Zamani magunia yalipangwa humo mpaka juu, tende zikakamuana, asali yake ikachuruzika chini.

"Moto uko wapi hapa?" akaniuliza. "Hamna. Ni uzito tu. Na heli ndivyo. Ikibanwa, elektroni zinachomoka bila ya moto. Hizo ndizo zinazozuia mwanga."

Nilisisimka. Nasisimka mpaka sasa.

Mwaka jana alipeleka jibu lake kwa watafiti wa ng'ambo, waliokuwa wakiibana heli maabarani na kuipima. Kisha akaugua. Tuliomba jambo moja: majibu yamkute hai.

Yalifika Jumamosi. Raghad, mtoto wa kaka yake, alimsomea. Kipimo cha maabara kilikuwa nusu ya jibu lake. Nusu! Raghad akalia. Bi Azza akaomba daftari na kahawa.

Raghad anasema alimimina finjani baada ya finjani, kwani shangazi yake hakutikisa kikombe, ile ishara yetu ya kusema basi, nimetosheka. Kwenye ya saba akamwambia, "Shangazi, daktari atanigombeza."

"Mwache agombe. Njoo uone nilipokosea."

Alikuwa amezihesabu atomu kama zimetawanyika ovyo. Kumbe zikibanwa hivyo zinapangana, kila moja inaikwepa nyengine, na mwanga unapenya zaidi. Akasahihisha mstari huo mmoja. Jibu likashuka mpaka nusu, sawa na la maabara.

Akacheka. Ndipo akatikisa kikombe.

Raghad na jamaa wote wa Ibra, Mungu awape subira, naye amrehemu. Nasi, wasikilizaji wapendwa, leo tukinywa kahawa, kabla ya kutikisa kikombe tujiulize: ni swali gani tumeliacha njiani?